Msiipoze Hii! Usiku Wangu wa Kwanza na Rochefort 10

Naandika haya saa tano kasoro robo usiku, mezani kwa watu, mtaa wa Matonge jijini Brussels, na pua yangu bado imo ndani ya glasi. Kumebaki vidole viwili tu vya bia humo. Sitaki viishe. Kwa miaka zaidi ya kumi nimeonja bia nyeusi kila nilipopata upenyo, nikajaza daftari mbili kwa harufu na ladha, nikaamini kwamba bia nyeusi naijua. Kumbe nilikuwa nimekaa barazani tu. Sebule sikuwahi kuiona mpaka leo.

Inaitwa Rochefort 10. Kichupa cha sentilita 33, kioo cha kahawia, kizibo cha bluu, kilevi asilimia 11.3. Hiyo namba isomeni mara mbili. Bia zetu nyingi za chupa nyumbani zinacheza kwenye asilimia 5 hivi, na zinakuja kwenye chupa ya nusu lita. Piga hesabu: hiki kichupa kinachoenea kiganjani kina kilevi cha chupa kubwa moja na nusu. Halafu ukikionja hukioni kilevi hicho kimekaa wapi! Kimejificha nyuma ya tende, nyuma ya karafuu, nyuma ya kitu kama halua ya Unguja inayotolewa sufuriani. Lakini nisikimbie. Nianze pale nilipokosea.

Kila mnywaji wa Afrika Mashariki analijua lile swali. Unakaa, unaagiza, na kabla hujavuta kiti vizuri mhudumu ameshauliza: baridi au moto? Mimi maisha yangu yote nimejibu baridi, tena baridi sana, ile chupa inayotoka kwenye friji ikivuja jasho. Basi jioni hii mwenyeji wangu alipotoa chupa mbili, moja kwenye friji na nyingine kwenye kabati la viatu karibu na mlango, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ile ya friji. Yeye ni mzaliwa wa Bukavu, anaishi Ubelgiji mwaka wa ishirini na kitu, na bia za watawa anazijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Hakunizuia. Aliweka zote mbili mezani, akaleta glasi mbili za mguu, zenye mdomo mpana kama kalisi ya altareni, akasema kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Anza na ile unapenda, ndugu. Lakini hii banakunywaka pole." Yaani hii watu huinywa taratibu.

Tukafungua ya friji kwanza. Aliinamisha glasi, akaiacha bia iteleze ubavuni. Mwanzoni ilishuka ikiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea majani, kisha ilivyozidi kujaa ikawa nyeusi, na povu likapanda juu yake zito, la rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Aliacha kama kidole kimoja chini ya chupa, akaisogeza pembeni. Hayo ni mashapo ya chachu, akasema, tutayarudia. Niliinua glasi kwenye taa. Ukingoni, pale bia inapokutana na kioo, kuna wekundu, kama kaa la mwisho jikoni kabla halijafunikwa na majivu.

Nikanywa. Gesi ilijaa mdomoni kwa kasi, ikachomachoma ulimi, ikafuatiwa na utamu wa sukari iliyoungua kidogo, uchungu mwembamba, na joto likashuka kifuani. Nzuri! Nzuri kuliko stauti nyingi nilizozilipia pesa ndefu. Kwenye daftari nikaandika maneno mawili: "nzuri, imefungwa." Nilihisi kama naongea na mtu aliyesimama nyuma ya mlango, sauti naisikia, uso siuoni.

Ndipo akafungua ile ya kabati la viatu.

Nyumba hizi za zamani za Brussels zina baridi yake karibu na ngazi, nadhani nyuzi 14 hivi, kwa hiyo "moto" ya hapa si moto ya Dar es Salaam mwezi wa Februari. Bia ni ileile, glasi ni ileile, povu ni lilelile. Lakini sikuwa hata nimeifikisha mdomoni. Harufu ilinifuata pale nilipokaa! Tende. Si zile ngumu za kwenye pakiti, bali zile laini zilizokandamizwa, zinazoganda kwenye vidole jioni ya kufuturu. Nyuma ya tende, tini kavu na zabibu kavu. Nyuma yake sukari guru, ule utamu mzito wenye moshi kwa mbali, na ukoko wa mkate uliokaa tanuri kidogo kuliko ilivyopaswa. Nikafumba macho nikavuta tena, na safari hii ikaja karafuu, waziwazi kabisa, kana kwamba mtu amepitisha kiganja kilichokuwa kinaanika karafuu Pemba.

Nikaonja, nikaiweka glasi chini, nikacheka peke yangu.

Gesi ile iliyonichoma mwanzo sasa ilikuwa laini, inabeba ladha badala ya kupigana nazo. Mbele ya ulimi ni chokoleti nyeusi na tende. Katikati inafunguka: plamu kavu, asali iliyoungua, ganda la chungwa kwa mbali sana. Halafu, na hapa ndipo inapoziacha mbali bia nyingi kali nilizowahi kuonja, mwisho wake ni mkavu. Unatarajia utamu uliojaa hivi ukuachie ulimi unanata. Haunati! Unameza, mdomo unasafishika, joto la kilevi linapanda taratibu mpaka nyuma ya masikio, na mkono unarudi kwenye glasi. Dakika ya kumi, tende ziko juu. Dakika ya ishirini, tende zimerudi nyuma na karafuu imeshika usukani. Dakika ya thelathini glasi imeshapata joto la kiganja changu, na nikasikia kitu ambacho kilinifanya nimwangalie mwenyeji wangu kwa mshangao: ndizi mbivu. Zile zenye madoa meusi, zilizobakiza siku moja kabla ya kuharibika.

Kuna mtu wa kumwomba radhi hapa. Mjomba wangu wa Marangu, tangu nimjue, anakunywa Guinness ya moto. Mhudumu akimletea baridi anairudisha, au anaikumbatia kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto, anangoja. Sisi vijana tulimwona wa zamani. Mjomba, ulikuwa sahihi, na miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa sionji kitu. Baridi kali hutia ganzi ulimi, na harufu, ambazo ndizo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha, hubaki zimelala ndani ya kimiminika. Bia nyepesi haina cha kupoteza kwa baridi. Kazi yake ni kukata kiu, na inaifanya vizuri. Lakini bia kama hii ukiinywa kwenye nyuzi 4 umelipia nyumba nzima ukalala kibarazani. Kuiacha ipate joto la Mbagala, Dar es Salaam, mchana ni makosa pia, maana kilevi kitapanda puani na kufunika kila kitu. Nyuzi 12 hadi 15, hapo ndipo penyewe.

Ile ndizi imenishika kwa sababu nimekulia kwenye ndizi. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa kwamba ndizi na pombe ni ndugu. Mbege yetu ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa kwa ajili ya ule uchungu unaoshika pembeni mwa ulimi. Lakini kwenye Rochefort hamna ndizi hata moja! Ni chachu inayoitengeneza. Chachu za Kibelgiji, zikifanya kazi kwenye joto la juu kiasi, hutoa isoamili asetati, kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, na nyingine iliyo jamaa wa karibu wa ile ya karafuu. Kwa hiyo hizo ndizi na karafuu nilizozinusa si shairi la mwandishi aliyelewa. Zimo kweli, zimepikwa na vidudu visivyoonekana kwa macho.

Jikoni mwao hakuna miujiza mingine mingi, na hilo ndilo linalonipendeza zaidi. Kimea cha shayiri, wanga wa ngano kidogo, sukari nyeusi, hopsi, chachu, na mbegu za giligilani. Ndiyo, giligilani, ileile unayoitwanga kwa ajili ya mchuzi! Huwezi kuikamata kwa jina ukiwa unakunywa, lakini ukiambiwa ipo unaanza kuelewa ule ubichi wa chungwa unaopita katikati. Na sukari ndiyo siri ya ule mwisho mkavu. Wengi wetu tukisikia sukari ndani ya bia tunafikiria utamu. Ni kinyume chake. Chachu huila sukari ile karibu yote na kuigeuza kilevi, wakati kimea peke yake huacha mabaki mengi mazito. Ukitaka asilimia 11 kwa kimea kitupu utapata kitu kama uji. Sukari inakupa nguvu bila uzito, na ile iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi inakuachia rangi na hizo ladha za tende na zabibu. Mwishoni bia inatiwa chachu na sukari kidogo tena, inafungwa chupani na kuwekwa mahali pa joto, inachachuka mara ya pili humo humo. Ile gesi inazaliwa ndani ya chupa. Yale mashapo ni mabaki ya kazi hiyo.

Na namba 10? Wengi hudhani ni kilevi. Ni kipimo cha zamani cha Kibelgiji cha uzito wa sukari kwenye maji ya kimea kabla hayajachachuka. Ndugu wenye namba wako watatu: 6 ya kizibo chekundu, asilimia 7.5, 8 ya kijani, asilimia 9.2, na huyu wa bluu, kaka mkubwa.

Wanaozipika ni Watrapisti wa abasia ya Notre-Dame de Saint-Rémy, nje kidogo ya mji mdogo wa Rochefort, kusini mwa Ubelgiji. Mahali hapo pana umri wa kushangaza. Ilianza mwaka 1230 kama nyumba ya watawa wa kike. Wanaume wakaipokea mwaka 1464. Kupika bia kunatajwa tangu 1595. Mapinduzi ya Ufaransa yakawafukuza mwishoni mwa karne ya 18, majengo yakabomolewa kwa sehemu kubwa, na watawa hawakurudi mpaka 1887. Mwaka 1899 jiko la bia likawashwa tena. Halafu tarehe 29 Desemba 2010 moto ukateketeza sehemu ya abasia, na kiwanda kikasalimika. Ili bia iitwe ya Kitrapisti ni lazima ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa wamonaki wenyewe, na mapato yawe ya kuwatunza wao na kusaidia wahitaji. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio mwisho wa mwaka. Mimi naamini mambo haya yanaonjeka. Bia ambayo haikimbizwi na mtu inapata muda wa kuiva.

Kisa kilichonigusa zaidi, ambacho kaka yangu wa Bukavu alinisimulia tukisubiri glasi ya pili ipate joto, ni cha maji. Watawa wanachota kwenye chemchemi iitwayo Tridaine, maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa. Jirani yao kuna machimbo ya chokaa, na kampuni ya machimbo ilitaka kuchimba chini zaidi, kwenye kina kinachogusa maji hayo. Watawa wakakataa. Watu wanaothamini ukimya wakasimama mahakamani mwaka baada ya mwaka kuitetea chemchemi, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Liège ikawapa haki: hakuna ruhusa ya kuyahamisha wala kuyapunguza maji yanayoilisha. Nilipokunywa tena baada ya kisa hicho niliyatafuta maji. Unayasikia, niamini. Kuna ugumu fulani safi chini ya ladha zote, kama sakafu ya saruji chini ya mazulia mengi.

Na kwa sisi tunaozungumza Kiswahili, watawa hawa si watu wa mbali kiasi hicho. Abasia ya Scourmont, wanaopika Chimay, ndiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto kule Masisi, Kivu ya Kaskazini, katika miaka ya 1950. Mwenyeji wangu alilitaja jina Mokoto kwa sauti ya chini, maana eneo lile limepitia vita vizito, akanyamaza kidogo, kisha akaimwaga Chimay ya bluu kwenye glasi nyingine ili nilinganishe.

Nililinganisha. Chimay ya bluu, asilimia 9, ni rafiki mwema: laini zaidi, pilipili manga kidogo, rahisi kupendwa. Baada ya Rochefort 10 ilionekana imevaa nguo nyepesi. Ile Westvleteren 12 maarufu, asilimia 10.2, kizibo cha njano, nimewahi kuionja mara moja tu, glasi ndogo ya kugawana na watu wanne, na ninaikumbuka kwa heshima. Lakini hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya kuweka nafasi na kuifuata langoni kwa watawa. Rochefort 10 mwenyeji wangu ameinunua dukani, kwenye rafu ya kawaida, karibu na maji ya chupa na soda! Nchi ambayo utamaduni wake wa bia uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016, kitu hiki unakitia kwenye kikapu pamoja na mkate na mayai. Nilisimama kichwani mwangu mbele ya rafu ile ya kufikirika kwa dakika nzima. Kesho nitaenda kuiona kwa macho.

Je, ina kasoro? Ninazo mbili na nitazisema, kwa sababu kitu ukikipenda hukifichi. Ya kwanza, gesi yake ni nyingi mno ikitoka kwenye baridi; mtu akiimimina kwa haraka atapata glasi ya povu na atadhani bia imeharibika. Ya pili, ni hatari kwa mtu wa mwendo wetu. Sisi tumezoea kuagiza raundi. Hii haina raundi. Kichupa kimoja ni cha jioni nzima, viwili ni vya watu wawili, na funguo za gari zibaki kwa mwingine. Nimeinywa kwa masaa matatu pamoja na kuonja onja, na nahisi masikio yamepata moto.

Chakula nacho si jambo dogo. Shemeji, mke wa mwenyeji wangu, alikuwa ameandaa sombe, yaani kisamvu, na nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu na vitunguu vingi mpaka mchuzi ukawa mweusi. Nyama ile na bia hii, jamani! Ule utamu wa vitunguu vilivyoungua ukaipokea sukari guru ya bia, mafuta yakaoshwa na gesi, na kila tonge likawa kama la kwanza. Lakini sombe haikukubaliana nayo. Ukijani wake uliifanya bia ionekane chungu. Baadaye akaleta jibini lenye ukungu wa bluu, chumvi nyingi, na hapo nikaandika kwa herufi kubwa kwenye daftari. Chokoleti tuliyojaribu haikuongeza kitu. Utamu juu ya utamu. Ningekuwa nyumbani ningeijaribu na mbuzi choma iliyokaukia kwenye mkaa, yenye ndimu na chumvi tu, na naapa nitafanya hivyo.

Nilidhani usiku umekwisha. Kaka akainuka, akarudi na chupa ya tatu yenye vumbi shingoni. Alinunua kreti ya Rochefort 10 mwaka 2018, alipozaliwa binti yake, na kila mwaka siku ya kuzaliwa mtoto anafungua moja. Leo si siku hiyo. Akafungua.

Povu lilikuwa dogo, la woga. Rangi imefifia kidogo ikawa ya kahawia ya mbao za mlango wa zamani. Harufu ilinibadilisha mawazo mara tatu ndani ya pumzi moja: kwanza mvinyo mtamu wa Porto, kisha tumbaku ambayo haijawashwa, kisha tende tena, lakini tende zilizogeuka kuwa kitu kingine, chenye uzee na utulivu. Gesi imelala. Karafuu imepungua. Ndizi haipo kabisa. Mwenyeji wangu anaamini hii ndiyo Rochefort ya kweli na kwamba ile mpya bado ni mtoto anayepiga kelele. Tulibishana kwa upendo mkubwa. Mimi, kwa heshima yote kwa kreti ile na kwa binti yule, nachagua mpya. Ile ya zamani inapendeza kama mzee anayesimulia. Ile mpya inageuka mbele ya macho yako kila dakika tano, na mimi usiku huu nilitaka kugeukiwa. Nimeshaweka nia ya kununua chupa sita: tatu za kunywa mwaka huu, mbili za kusubiri, na moja itafungwa ndani ya sweta, iingie kwenye begi mpaka Marangu. Mjomba hatahitaji kuikumbatia kwa viganja. Kule mlimani mwezi wa Julai, ukiiacha kabatini, iko tayari.

Nimemaliza vile vidole viwili. Kaka amechukua ile chupa ya friji tuliyoisogeza pembeni, akaizungusha mara mbili ili mashapo yaamke, akayamimina kwenye glasi yangu tupu. Kitu kizito, cha mawingu, rangi ya udongo baada ya mvua. Wengine huyamwaga. Nimeyanusa kabla ya kuyanywa, na tende hazimo tena, chokoleti haimo. Kuna mkate mbichi, kuna ndizi, kuna uchachu mdogo wa nafaka.

"Inanukia nini?" kaka ameniuliza.

Nimemwambia inanukia kibanda cha nyuma kwa bibi yangu, alfajiri ya siku ya mbege, kifuniko cha pipa kikiwa ndiyo kwanza kimeondolewa na kata bado haijaingizwa.